Katiba Ileile, Rais Mwingine: Andrew Jackson Alizitoa Wapi Nguvu Zake?

Mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari ameniandikia hivi: "Kitabu ninachotumia kinasema kwamba mwaka 1832 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki Wacherokee, taifa mojawapo la wenyeji wa asili, naye Rais Andrew Jackson akajibu kwamba Jaji Mkuu John Marshall ametoa hukumu yake, basi aitekeleze mwenyewe. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wananibana: kama katiba ilikuwa ileile ya akina Washington, huyu nguvu za kukaidi mahakama alizitoa wapi, na kwa nini Bunge halikumwondoa?"

Mwalimu, swali lako lina mafundo mawili, na la kwanza limekazwa na uongo mdogo. Nilifungue hilo kwanza.

Maneno hayo ya Jackson hayapatikani katika barua wala hotuba yake yoyote. Yalichapwa mwaka 1864 na mwandishi wa habari Horace Greeley, wakati Jackson yuko kaburini kwa miaka 19. Na ukiitazama kesi yenyewe utaona kwamba, kisheria, siku ile hakukuwa na amri ya kumfanya Rais akaidi. Mshtaki alikuwa Samuel Worcester, mmisionari mzaliwa wa Vermont aliyeishi kati ya Wacherokee. Jimbo la Georgia lilikuwa limetunga sheria kwamba mzungu yeyote anayeishi katika ardhi ya Wacherokee lazima apate kibali cha jimbo na kula kiapo cha utii kwake. Worcester na wenzake walikataa, wakahukumiwa miaka minne ya kazi ngumu katika gereza la Milledgeville. Wengi wao walikubali msamaha wa gavana. Worcester na mwenzake Elizur Butler waliukataa, maana walitaka kesi ifike juu.

Ikafika. Tarehe 3 Machi 1832 Marshall alitamka kwamba Wacherokee ni taifa lenye mipaka yake, na kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya mipaka hiyo. Lakini amri ilielekezwa kwa mahakama ya Georgia, iwaachie wafungwa. Haikuelekezwa Ikulu. Ili Mahakama ya Juu itoe hatua ya pili, ya kulazimisha, ilibidi kwanza Georgia ikatae rasmi, kisha kesi irudishwe. Na majaji wakafunga kikao chao hadi Januari 1833. Kwa miezi kumi hapakuwa na mtu wa kumwendea Rais na karatasi mkononi.

Sisemi haya ili kumsafisha. Aprili mwaka ule Jackson alimwandikia rafiki yake John Coffee kwamba hukumu hiyo imezaliwa imekufa, na kwamba Mahakama haina uwezo wa kuilazimisha Georgia. Kwa hiyo moyo wa usemi ule alikuwa nao. Usemi wenyewe ndio hatuna. Tangu ujumbe wake wa kwanza kwa Bunge, Desemba 1829, alikuwa amesema wazi kwamba Wacherokee hawawezi kuwa na serikali yao ndani ya jimbo. Na dhahabu ilikuwa imekwisha kuonekana katika milima yao ya kaskazini mwa Georgia; kwa wanaomezea mate ardhi ile, maneno ya Rais yalikuwa baraka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka: nguvu ya kuwahamisha wenyeji wa asili Jackson hakuipora. Alipewa na Bunge. Sheria ya kuwahamisha ilipita Seneti kwa kura 28 dhidi ya 19, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97, kisha akaitia sahihi tarehe 28 Mei 1830. Kura tano tu. Wanafunzi wakikuuliza ni nani aliyewafukuza Wacherokee, waambie wasiishie kwa mtu mmoja.

Mwisho wa kesi ya Worcester unaonyesha Jackson alivyokuwa mwanasiasa hasa. Novemba 1832 South Carolina ilitangaza kwamba sheria za ushuru wa forodha za serikali kuu ni batili ndani ya jimbo hilo. Jackson aliwaka. Desemba alitoa tangazo kwamba jimbo halina haki ya kubatilisha sheria ya Muungano wala kujitoa, na Januari 1833 akaliomba Bunge ruhusa ya kutumia jeshi. Akaipata Machi. Sasa fikiria: jirani wa South Carolina ni Georgia, nayo ilikuwa inaidharau Mahakama ya Juu mchana kweupe. Hakutaka majimbo hayo mawili yashikane mikono. Watu wake wakamwendea Gavana Wilson Lumpkin taratibu, wengine wakawaendea wamisionari, na Januari 1833 Worcester na Butler wakatoka gerezani kwa msamaha. Kesi ikaisha bila Rais kuulizwa swali ambalo hakutaka kulijibu. Wacherokee wenyewe walibaki na hukumu nzuri isiyo na mtekelezaji. Mwaka 1835 kikundi kidogo kati yao kilitia sahihi mkataba wa kuachia ardhi, chifu wao mkuu John Ross akaupinga, lakini Seneti ikauridhia, theluthi mbili zilizohitajika zikipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Walihamishwa kwa nguvu mwaka 1838 na 1839, Jackson akiwa amekwishastaafu. Walikuwa watu wapatao 16,000, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba 4,000 hivi walikufa.

Basi tuje kwenye fundo la pili, ambalo kwangu ndilo lenye utamu. Nguvu alizitoa wapi?

Katiba ya mwaka 1787 inasema machache sana kuhusu Rais. Waandishi wake walitumia wino mwingi kwa Bunge, wakaliweka la kwanza. Urais waliuacha na mapengo, kwa sehemu kwa sababu kila mtu chumbani alijua kwamba George Washington ndiye atakayeukalia. Kwa miaka 40 marais waliofuata waliyapita mapengo hayo kwa adabu. Hata Thomas Jefferson, aliyenunua Louisiana mwaka 1803 kwa dola milioni 15 huku mwenyewe akitilia shaka kama katiba inamruhusu, alipenda kuliongoza Bunge kwa chakula cha jioni na barua za faragha kuliko kwa kulikemea hadharani.

Na kulikuwa na sababu ya adabu ile. Wagombea urais walikuwa wakiteuliwa na wabunge wa chama chao, wakikutana Washington. Rais aliyepatikana hivyo alijua nani kamlea. Mwaka 1824 utaratibu huo uliporomoka. Wagombea wanne walisimama. Jackson akaongoza kwa kura 99 za wajumbe wa uchaguzi, yaani wawakilishi wa majimbo wanaomchagua Rais, John Quincy Adams 84, William Crawford 41 na Henry Clay 37. Hakuna aliyefikisha nusu, uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, na Februari 1825 Baraza likamchagua Adams. Siku chache baadaye Adams akamteua Clay, Spika wa Baraza lilelile, kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kama walikubaliana kwa siri au hawakukubaliana, kwa Jackson haikuwa na tofauti. Alirudi Tennessee na hoja moja mfukoni: wananchi wamechagua, wabunge wamepindua.

Hoja hiyo ilikutana na wakati wake. Mwaka 1824, katika majimbo 6 kati ya 24, wajumbe wa uchaguzi walikuwa bado wanateuliwa na mabunge ya majimbo. Mwaka 1828 yalibaki mawili, Delaware na South Carolina. Masharti ya kumiliki mali ili kupiga kura yalikuwa yanafutwa jimbo baada ya jimbo, kwa wanaume weupe, na hili lisisahaulike. Wanawake hawakuwamo, weusi walio wengi walikuwa watumwa, na Jackson mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye watumwa wengi katika shamba lake la Hermitage karibu na Nashville. Ndani ya uzio huo, hata hivyo, umati uliongezeka ajabu: kura za wananchi zilikuwa chini ya 400,000 mwaka 1824, zikapita milioni moja mwaka 1828. Jackson akamshinda Adams kwa kura 178 za wajumbe dhidi ya 83.

Wahenga wetu walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Jackson aliigeuza busara hiyo kuwa dai la kikatiba: mbunge anachaguliwa na wilaya, seneta wakati ule anachaguliwa na bunge la jimbo lake, ila Rais peke yake ndiye anayechaguliwa na taifa zima. Kwa hiyo akisimama dhidi ya Bunge, wananchi wako upande gani? Dai hili halimo katika katiba. Lakini halikatazwi pia, na baada yake karibu kila rais mwenye nguvu amelikopa.

Hapo ndipo zana mbili za zamani zilipopata makali mapya.

Ya kwanza ni kura ya turufu, yaani uwezo wa Rais kuzuia mswada uliopitishwa na Bunge. Marais sita waliomtangulia waliitumia mara 10 kwa jumla. Jackson peke yake aliitumia mara 12, saba kati ya hizo kwa kuutia mswada mfukoni bila kuutia sahihi hadi kikao cha Bunge kikaisha. Hesabu hiyo haitishi. Kilichotisha ni sababu zake. Kwa desturi, rais alizuia mswada akisema unavunja katiba, ingawa hata James Madison mwaka 1815 alizuia mswada wa benki kwa sababu za kisera tu, kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba Jackson ndiye wa kwanza. Yeye aliigeuza kuwa siasa ya wazi. Benki ya Marekani ilikuwa kampuni yenye mtaji wa dola milioni 35, serikali ikimiliki sehemu ya tano, makao yake Philadelphia chini ya Nicholas Biddle. Fedha za serikali zililala humo. Kibali chake cha miaka 20 kilikuwa kiishe mwaka 1836. Clay, aliyekuwa akigombea urais, alimshawishi Biddle aombe kibali kipya mapema, mwaka 1832, akidhani Jackson hatathubutu kukataa mwaka wa uchaguzi. Hesabu mbaya sana.

Mswada ulipita Bunge. Tarehe 10 Julai 1832 Jackson aliurudisha na ujumbe ulioandikwa kana kwamba msomaji wake ni mkulima wa Kentucky, siyo seneta. Alisema matajiri na wenye nguvu mara nyingi hupinda matendo ya serikali kwa faida yao. Na alipokumbushwa kwamba Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua mwaka 1819 kuwa benki hiyo ni halali, alijibu kwamba Bunge, Rais na Mahakama kila mmoja anaongozwa na uelewa wake wa katiba, na kwamba maoni ya majaji hayalibani Bunge zaidi ya maoni ya Bunge yanavyowabana majaji. Mwalimu, kama unatafuta maneno ya kweli ya Jackson kuhusu Mahakama, yako hapo, kwenye benki. Ya Marshall na Wacherokee yaache.

Novemba akashinda tena: 219, Clay 49.

Zana ya pili ni kufukuza. Katiba inasema Rais anateua mawaziri kwa ridhaa ya Seneti. Nani anawafukuza? Kimya. Bunge la kwanza lilibishana sana mwaka 1789, na katika Seneti kura zikalingana hadi Makamu wa Rais John Adams akapiga yake ili Rais aweze kufukuza peke yake. Wizara ya Fedha, hata hivyo, ilikuwa na sura yake. Sheria ilimtaka Waziri wa Fedha atoe taarifa kwa Bunge moja kwa moja, na sheria ya benki ya mwaka 1816 ilimpa yeye, siyo Rais, mamlaka ya kuondoa amana za serikali benki, kisha alieleze Bunge sababu zake. Waliomwandikia mamlaka hayo walitaka mfuko uwe mbali kidogo na mkono wa Ikulu.

Jackson alitaka amana zitoke mara moja, asingoje 1836. Waziri wake Louis McLane hakuafiki, akahamishiwa Mambo ya Nje. Akaletwa William Duane, wakili wa Philadelphia, mtu aliyeichukia benki tangu zamani. Duane akasoma sheria, akasema: benki naichukia, lakini uamuzi huu sheria imeniachia mimi, na sababu sizioni. Septemba 18, 1833, Jackson alilisomea baraza lake la mawaziri karatasi ndefu akisema lawama yote anaibeba mwenyewe. Duane akagoma kutia sahihi, na akagoma kujiuzulu ingawa awali aliahidi kwamba wasipokubaliana ataondoka. Tarehe 23 akafukuzwa. John Adams alikuwa amemfukuza waziri mwaka 1800, kwa hiyo kufukuza si kugeni. Kipya kilikuwa kumfukuza waziri kwa kosa la kushikilia mamlaka ambayo sheria ilimpa kwa jina la cheo chake. Mahali pake akawekwa Mwanasheria Mkuu Roger Taney, Bunge likiwa likizoni, na Taney akaagiza mapato ya serikali yapelekwe katika benki za majimbo zilizochaguliwa, saba mwanzoni. Watu wakaziita benki vipenzi.

Hapa nichepuke kidogo, maana sisi wa pwani hii tumo katika hadithi. Siku mbili kabla ya Duane kufukuzwa, tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat mjumbe wa Jackson aitwaye Edmund Roberts alitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Zanzibar. Ushuru uliwekwa asilimia 5. Mkataba huo ndio uliofungua njia ya konsuli wa kwanza wa Marekani kuja Zanzibar mwaka 1837, na kuipa nguvu biashara ya kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani. Roberts alitumwaje? Kimyakimya, kama wakala maalumu wa Rais, jina lake likiandikwa melini kuwa karani wa nahodha, bila Seneti kuulizwa ridhaa ya uteuzi wake. Mkataba ulipelekwa Seneti baadaye na ukaridhiwa mwaka 1834, kwa hiyo katiba haikuvunjwa. Lakini ni tabia ileile: panapokuwa na pengo, Rais anapita kwanza.

Narudi kwenye swali lako la mwisho: mbona hawakumwondoa?

Walitaka. Desemba 1833 Clay alisimama Seneti akalia kwamba nchi imo katika mapinduzi yasiyomwaga damu, na nguvu zote zinakusanyika mikononi mwa mtu mmoja. Wapinzani wakajiita Whig, jina la Waingereza waliompinga mfalme, na wachoraji wa katuni wakamvisha Jackson taji. Shida yao ilikuwa hesabu. Kumshtaki Rais huanzia Baraza la Wawakilishi, na Baraza lilikuwa la chama cha Jackson, chama kilichojengwa kwa mikutano, magazeti na vyeo vya posta na forodha kuliko kingine chochote kabla yake. Hatua ya Jackson ya kuwatoa maofisa wa zamani na kuwaweka wake, ambayo aliitetea kwa kusema kazi za serikali si urithi wa mtu, iligusa sehemu ndogo tu ya watumishi, lakini ilitosha kuwafundisha wengine shukrani. Seneti peke yake ndiyo ilikuwa ya wapinzani, nayo ilibaki na silaha moja: maneno. Tarehe 28 Machi 1834, kwa kura 26 dhidi ya 20, ikapitisha azimio la kumkaripia Rais kwa kujitwalia mamlaka asiyopewa na katiba wala sheria. Juni ikamkataa Taney kuwa Waziri wa Fedha, mteule wa kwanza wa uwaziri kukataliwa katika historia ya nchi hiyo.

Jackson alijibu karipio kwa maandishi: kama nina kosa, nishtakini mahali panaposhtakiwa Rais, kunihukumu bila kunisikiliza hamna mamlaka. Seneti ikakataa hata kuyaingiza maandishi hayo katika kumbukumbu zake. Basi wafuasi wake, wakiongozwa na Seneta Thomas Hart Benton wa Missouri, wakaanza kazi ya subira. Maseneta huchaguliwa na mabunge ya majimbo. Wakayafuata mabunge ya majimbo. Wengine walipewa maagizo ya jinsi ya kupiga kura, wengine wakajiuzulu kuliko kutii. Kufikia Januari 16, 1837, hesabu ilikuwa imegeuka: 24 dhidi ya 19. Kitabu cha kumbukumbu kikaletwa ukumbini, ukurasa wa tarehe 28 Machi ukafunguliwa, na katibu akalizungushia azimio lile mistari mizito ya wino mweusi, akaandika juu yake kwamba limefutwa kwa amri ya Seneti.

Wiki saba baadaye, Machi 4, Martin Van Buren, mtu wa Jackson, aliapishwa kumrithi. Aliyemwapisha alikuwa Jaji Mkuu mpya aliyekalia kiti cha marehemu John Marshall: Roger Taney.